Zamu ya Hodan Kuchagua Mbuga

Akina mama wa soko la Kabati wana chama, na chama chao kina desturi ambayo hakuna mume wa hapo aliyewahi kuielewa. Kila Desemba husafiri, na mahali pa kwenda huchaguliwa na mtu mmoja tu, yule ambaye zamu yake imefika. Hakuna kura wala kamati. Ukichagua vibaya utasimangwa mwaka mzima, lakini watakufuata. Mwaka huu walikuwa wamekubaliana kwenda kuona wanyama, na zamu ikamwangukia Hodan, mwenye duka la vitambaa.

Ushauri haukukosekana. Kila aliyekuja kununua leso aliacha na jina la mbuga. Wengi walitaka Amboseli, wapigwe picha na Mlima Kilimanjaro ukiwa nyuma yao. Katunge, muuza ndengu, hakutaka kusikia kingine ila Maasai Mara, kwa sababu dada yake wa Nairobi alifika huko na tangu siku hiyo maringo hayamwishi. Hodan aliwasikiliza wote huku akipima vitambaa, na siku ya mkutano ilipofika akasema Tsavo Mashariki.

Mkutano ukapoa.

"Mama Ilhan, ndovu wa Tsavo si ndio walimaliza mahindi ya shangazi yangu kule Ikutha?" Katunge akamuuliza Hodan, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sasa mimi nitoke hapa niende kuwaamkia?"

Walicheka mpaka wakafuta machozi, na Hodan akacheka nao. Sababu hakuitoa. Angeanzia wapi kuwaambia wanawake thelathini kwamba anawanyima Mlima Kilimanjaro na simba wa Mara kwa ajili ya swala mmoja?

Swala mwenyewe ni hirola, na kwao Hodan huitwa arawla. Ana rangi ya mchanga, pembe ndefu zilizopinda, na mstari mweupe uliozunguka macho kama miwani. Hodan alizaliwa Ijara, huko ng'ambo ya mto Tana, na utotoni alichunga ng'ombe na mama yake, Abdiya. Arawla walikuwa wakilisha karibu nao bila wasiwasi. Abdiya alishikilia kwamba ng'ombe aliyezoeana na arawla hapotei, na ukibisha atakutajia kila ng'ombe aliyewahi kupotea na sababu yake.

Kisha Hodan akaolewa na Adan, mfanyabiashara wa mifugo, akaletwa Kabati. Sasa ni miaka kumi na minane. Kikamba anakiongea hadi wateja husahau alikotoka. Yeye hajasahau. Kuna asubuhi mvua ya kwanza ikigusa vumbi, harufu ile humpata akifungua duka, naye husimama hapo na kufuli mkononi, ametamani kwao mpaka kifua kinauma.

Miaka sita hakuwa amekanyaga Ijara. Mara duka, mara mitihani ya watoto, mara mvua imekata barabara. Abdiya naye alikuwa amepita themanini na magoti yamegoma, hawezi safari. Walibaki na simu. Tangu ule ukame mkubwa, mazungumzo ya mama yalikuwa yaleyale: arawla hawaonekani tena, huenda wamekwisha duniani. Hodan aliposikia redioni kwamba wachache walihamishiwa Tsavo zamani, na kizazi chao bado kipo, alimwahidi mama yake kwamba atakwenda amwone mmoja kwa macho yake, kisha ampigie. Aliogopa kuchelewa. Mama wa umri ule hangojewi mpaka kila kitu kikae sawa.

Siri hiyo alimpa Mutindi peke yake, mwenyekiti wa chama. Lakini kumpa Mutindi siri ni kumpa kuku mtama akutunzie.

Walilala Voi, na alfajiri wakaingia mbugani kwa basi la kanisa, wakiimba nyimbo za kanisa, Hodan akiwapigia makofi. Waliona ndovu wekundu kwa udongo, na Katunge akawatolea dirishani maneno makali ya shangazi yake juu ya mahindi. Waliona simba. Hodan alitazama makundi ya swala tu. Mara tatu moyo wake uliruka, mara tatu akakuta ni kongoni. Alasiri dereva akasema ni saa ya kugeuza. Hodan akaitikia kwa kichwa.

"Simama," Katunge akamwambia dereva. Kumbe tangu asubuhi basi zima lilikuwa likimtafuta arawla. "Mama Ilhan, angalia katikati ya wale kongoni. Huyo ako na miwani."

Alikuwa mmoja, hana mwenzake, amesimama kati ya kongoni. Hodan alimsalimu kwa Kisomali, kwa maneno ya malishoni ambayo hakuwa ameyatamka tangu usichana wake, na machozi yakamtoka bila aibu. Mutindi akamshika bega.

Walipotoka getini na simu kupata mtandao, akampigia mama yake. Abdiya alitaka kujua kama mnyama amenona, na kama huko nyasi zipo. Kisha akauliza kama yuko na wenzake.

"Yuko peke yake, hooyo," Hodan akasema, kwani ndivyo Wasomali wamwitavyo mama. "Anaishi na kongoni. Wamemzoea."

"Na yeye amewazoea?"

"Amewazoea."

Upande wa Abdiya mbuzi walisikika wakirudishwa zizini.

"Huyo umemfuata siku mbili njiani mpaka ukamwona," akasema. "Na mimi, Hodan, utakuja kuniona lini?"

Hodan akafungua mdomo aseme hivi karibuni, kama alivyozoea kumwambia, na neno likakataa kutoka.