Chai ya Dungusi

Mashadi Kambar alikuwa mtoboa tiketi wa reli hapo Tabriz mpaka alipostaafu, na kazi hiyo ilimwachia imani moja: kitu chochote ambacho yeye hajakitoboa bado kina upungufu. Alimtoboa mwoka mikate kuhusu chumvi ya unga. Alimtoboa imamu kuhusu adhana. Watu wa kichochoro chao walishamzoea, wakamwacha aseme, kama unavyoliacha jiko bovu litoe moshi kwa kuwa kulitengeneza ni kazi zaidi.

Nyumbani kwake kilikuwapo kitu kimoja tu ambacho hakuwahi kupewa nafasi ya kukitia mkono. Hicho kilikuwa dungusi la mkewe, Bibi Nabat.

Lilikuwa la mviringo, lenye miiba ya rangi ya asali, ndani ya chungu cha udongo chenye ufa. Nabat alikuja nalo siku ya harusi amelipakata mapajani, zawadi ya mama yake. Kila mwaka, Nauruzi, sikukuu yao ya mwaka mpya, ikishapita, lilivaa taji la maua mekundu, na wanawake wa kichochoro wakaja kulitazama, wakanywa chai, wakamsifu Nabat. Mashadi hakusifiwa na mtu. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuwapitishia sukari, huku roho inamuuma.

Baridi ilipoanza, Nabat alilihamishia sebule ya wageni. Ilikuwa kama sebule nyingine za mji ule: zulia zuri, glasi za chai kabatini, dirisha kubwa, na mlango unaofungwa mpaka atokee mgeni wa kustahili. Wenye nyumba hujibana chumba kimoja chenye jiko la moto, sebule ikabaki baridi kama kaburi. Humo dungusi lilikaa dirishani bila tone la maji, likajikunja na kufifia kama mzee aliyelala. Mashadi aliuita huo ukatili. Aliuita hivyo kila mwaka, na kila mwaka Nabat aliendelea kuchambua dengu zake.

Sasa, binti yao Solmaz akajifungua mapacha kule Tehran, na Nabat ikambidi aende kumuuguza mpaka Nauruzi ikaribie. Mlangoni, begi mkononi, alimweleza mumewe nyama iko wapi na dawa ya kikohozi iko wapi. Kisha akasema, "Dungusi langu usiliguse. Mwanga linao, kiu halina, na baridi ndiyo usingizi wake. Usiliguse, Mashadi."

"Mimi nina shughuli zangu, mama watoto," alijibu.

Shughuli zenyewe zilikuwa kucheza nardi, mchezo wa dadu na kete, na wazee wenzake wawili, Usta Yadulla fundi viatu na Aslan mwoka mikate, yule wa chumvi. Basi la Nabat halijafika hata nje ya mji, Mashadi alishafungua sebule. Wenzake walipokuja jioni walikuta dungusi juu ya kigoda kando ya jiko, karibu kiasi kwamba paka alihamishwa. Mashadi aliwatangazia kuwa mwaka huu litachanua mezani siku ya Nauruzi yenyewe, wiki kadhaa kabla ya desturi yake.

"Akirudi atalikuta na maua," alisema. "Na ataniomba radhi hapa hapa, mbele yenu."

Ndiyo hivyo, alichokuwa akikitaka mzee mzima kilikuwa radhi. Kwa ajili ya radhi akaweka rehani kitu pekee ambacho mkewe alipewa na mama yake.

Kisha likaja suala la chai. Watu wa pale hawajui kukaa na kiumbe bila kukimiminia chai, na mabaki ya glasi hawayamwagi ovyo, huyapa maua ya chunguni. Mashadi aliunganisha desturi hizo mbili akaona amevumbua jambo. Alisema huyu dungusi amekaa sebule ya wageni maisha yake yote na hajaonja hata glasi moja, ni aibu ya nyumba. Basi kila mchezo ulipokwisha, wazee watatu waliinama kwa zamu na kumwaga mabaki yao. Ya Aslan yalikuwa na mdalasini. Ya Usta Yadulla yalikuwa uji, maana meno yake hayakuweza tena kukibana kipande cha sukari wakati wa kunywa, kama ilivyo desturi ya pale, kikawa kinamwangukia ndani ya glasi.

Dungusi likaitikia ukarimu. Katikati ya Chilla Kubwa, zile siku arobaini za baridi kali, wakati theluji imefika kizingitini na hakuna kiumbe mwenye akili anayeota kitu, lilitoa shingo. Shingo jembamba, la rangi ya tango lililokosa jua, limepinda kulitafuta dirisha. Mashadi alilipima kwa tasbihi yake na kuwaonyesha wenzake punje lilizopanda.

Aslan alilitazama akasema, "Hili limeumuka, Mashadi. Donge likiumuka hivi mimi hulitupa."

"Kajue mikate yako," Mashadi akamwambia, akamjazia glasi.

Nabat alipopiga simu kuuliza habari, mumewe hakuweza kujizuia. Alimwambia dungusi limeongezeka shibiri nzima. Upande wa pili walisikika mapacha wakilia.

"Limeongezeka?" Nabat akauliza. "Dungusi la kweli halikui wakati wa baridi. Likikua linaumwa. Lirudishe sebuleni."

Alimwambia sawa, akakata simu, akaeleza mezani kuwa wivu wa mwanamke hausafiri, unabaki nyumbani kumsubiri. Dungusi halikutoka kando ya jiko.

Baada ya hapo vikaja vijidudu vyeusi, vikaruka juu ya chungu. Chumba kikaanza kunuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa. Asubuhi moja Mashadi alilibonyeza dungusi chini, kwenye shina, na kidole kikazama. Alikitoa, akakifuta kwenye suruali, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Simu ilikuwa pale pale. Mtu mwingine angempigia mkewe akasema, nimeharibu, nifanyeje. Mashadi alifikiri, akakata shauri kwamba baridi ya usiku ndiyo iliyolipenya, akalimiminia chai ya moto zaidi. Kisha akalifunga kwenye kijiti kwa utepe wa kijani wa mkewe ili lisimame wima.

Nabat alirudi Jumatano ya mwisho kabla ya Nauruzi, bila kumwarifu mumewe. Aliwakuta wazee watatu wamekizunguka kigoda. Mashadi aliinuka haraka, hata salamu hakumaliza, akamwonyesha kivimbe fulani juu ya lile shingo na kudai ni ua. Akazungusha chungu ili mkewe aone vizuri.

Chungu kilizunguka. Dungusi halikuzunguka. Liliegemea mkono wa Mashadi taratibu, kama mlevi anayemwamini rafiki yake, na miiba ikashika sweta na kilichokuwa ndani ya sweta.

Hakuna aliyecheka. Nabat alichota udongo kidogo, akaunusa.

"Chai," alisema. "Tena ina sukari."

Usta Yadulla alianza kuchunguza viatu vyake. Mashadi alitaja baridi kali ya mwaka huo. Nabat aliomba kisu. Alikata chini, ndani kukawa na rangi ya kahawia. Akakata tena, kahawia. Akaendelea kukata mpaka akafikia nyama ya kijani safi, na kilichobaki kilitosha kukaa kwenye kisahani cha chai.

"Mama yangu alilivusha njaa," alisema, "akalivusha na theluji ya kuziba milango. Limekuja kufa kwa ukarimu wako."

Alikipeleka kile kipande sebuleni, kikavu juu ya kisahani, ili jeraha lipone kabla ya kupandwa. Akafunga mlango, ufunguo akaubana ndani ya gauni kwa pini. Mashadi alimnyoshea mkono wenye miiba.

"Mwombe Usta," Nabat akasema. "Yeye ana koleo."

Msimu wa maua ulipofika, wanawake wa kichochoro walikuja kwa mazoea. Walikuta kipande cha kijani ndani ya chungu chenye ufa, bila hata ua moja, wakauliza kulikoni. Nabat aliwajibu kuwa Mashadi alilikaribisha. Hawakuuliza zaidi. Mashadi aliwapitishia sukari kama kawaida.

Sasa kwenye mkahawa anasimulia kuwa kulikata dungusi lilikuwa wazo lake. Lakini baridi imerudi, sebule imefungwa, na jioni hukaa kando ya jiko na mkewe. Akifika mwisho wa glasi hutazama kushoto, hutazama kulia. Hakuna chungu. Nabat hainui macho kwenye dengu zake. Mashadi anakunywa mabaki yake mwenyewe.