Mpaka Kompresa Inyamaze

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanja cha ndege cha Ibadakuli hapa Shinyanga, nilikabidhiwa kitambaa cha kufutia mafuta, kisha nikaamriwa niipe ndege mgongo. Mhandisi Mkuu, mzee mfupi aliyepiga pasi ovaroli yake kama suti ya harusi, alitaka nisitazame wakati injini zikizimwa. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Dar es Salaam na cheti changu, na nilitaka kuona.

"Macho utayatumia baadaye," aliniambia. "Umesikia nini?"

"Kelele, mzee."

"Kelele hata ng'ombe wa kwenu Didia wanazisikia. Kesho niletee jibu jingine."

Jibu jingine, kwamba kila sehemu ya injini ina sauti yake, lilinichukua miezi mitatu. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaonitembelea hapa nyumbani, mtaa wa Kambarage, na kuniuliza mwanamke wa Kisukuma aliingiaje kwenye injini za ndege. Huwa nawaambia kwamba wangeuliza kwanza injini zenyewe zinafanyaje kazi, maana wengi wanazipanda bila kujua.

Injini ya propela tuliyoishughulikia sisi inaanza kwa kumeza hewa. Kompresa, yaani magurudumu yenye visu vingi vidogo, huishindilia hewa hiyo mpaka ipate nguvu. Kisha mafuta, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, hunyunyizwa ndani na kuwaka. Gesi ya moto inayotoka huipiga turbini, gurudumu jingine la visu, turbini huzunguka, na mzunguko huo hupitia gia boksi ili upunguzwe kasi kabla ya kufika kwenye propela. Bila gia boksi propela ingezunguka kwa kasi ya kujivunja yenyewe. Mpaka hapo injini zote za aina hii ni sawa, na tofauti ipo kwenye shafti, yaani mhimili unaobeba magurudumu hayo.

Ndege yetu ya Ibadakuli ilikuwa na injini mbili za shafti moja. Kompresa, turbini na gia boksi vyote vimefungamana, kwa hiyo ukiizungusha propela kwa mkono, umeizungusha injini nzima. Ni injini yenye utii mkubwa, rubani akisukuma mkono wa nguvu inaitika palepale. Lakini ina makelele hata ikiwa imesimama uwanjani, na ina masharti kama mganga. Kabla ya kuizima, rubani lazima ayalaze mapanga ya propela ili yasikate hewa, na pini ziyashike hapo. Akisahau, kuiwasha tena ni kama kuanza safari ya baiskeli mlimani ukiwa na gunia la pamba nyuma. Injini inahema, joto linapanda, na turbini inaweza kuungua.

Sharti la pili lilikuwa langu. Injini ikizimwa, joto hupanda juu, na shafti hubaki na moto zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Hapo hupinda kidogo, chini ya unene wa unywele, na unywele huo unatosha kuikwaruza kompresa. Dawa yake ni kuizungusha propela kwa mkono taratibu ili joto lisambae. Nilifanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Abiria walinicheka, wakisema Mama Kulwa anaibembeleza ndege ilale. Mimi nilikuwa nasoma kwa viganja. Beringi ikianza kuchoka, kiganja kilijua kabla ya mashine ya kupimia. Nilijivunia viganja hivyo kupita kiasi, sasa naweza kukiri.

Kisha kampuni ikanunua ndege ya injini moja, ikanipeleka Geita, kwenye kiwanja cha changarawe nyekundu kilichohudumia wafanyakazi wa migodini. Bosi wangu mpya alikuwa Mkuu wa Kituo, mdogo kwangu kwa umri, mtu wa maneno machache. Injini ile ilikuwa ya turbini huru. Vijana, chukueni feni mbili mziweke zitazamane. Chomekeni moja kwenye umeme, muiache nyingine. Ya pili itazunguka kwa upepo wa ya kwanza, ingawa hazigusani popote. Ndani ya injini hii kuna turbini ya kuzungusha kompresa, na mbele yake kuna turbini nyingine, peke yake, ya kuzungusha propela. Kinachoziunganisha ni gesi ya moto tu. Hewa huingilia nyuma ya injini, huwaka ikielekea mbele, na moshi hutokea kwenye ekzosi zilizo karibu na pua ya ndege.

Uzuri wake ni mwingi. Inawaka kwa urahisi kwa sababu propela si mzigo wa kompresa, na ikizimwa mapanga hujigeuza yenyewe yakatazama mbele kwa makali, bila pini wala kubembelezwa. Ila ukiizungusha propela kwa mkono, umezungusha nusu ya injini. Ile nusu inayokula vumbi na changarawe, yaani kompresa, haikuambii chochote.

"Kwa hiyo hapa viganja havina kazi," Mkuu wa Kituo aliniambia wiki ya kwanza. "Rubani akikata mafuta, simama karibu, sikiliza kompresa inavyoteremka, hesabu sekunde mpaka inyamaze. Ikikwaruza au ikisimama mapema, ndege hairuki. Andika hesabu kitabuni kila siku."

Niliandika kila siku. Lakini sikuacha kuizungusha propela, kwa mazoea.

Sasa nimeze mate niseme lililonifanya nishike kalamu. Baba mkwe wangu aliishi kijiji cha jirani na Geita. Alikuwa na presha ya macho, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufifia. Hospitali ya Dar es Salaam ilikuwa imempangia upasuaji siku moja baada ya safari, na kampuni ilinipa kiti kimoja kwa ajili yake. Mzee alikuwa hajawahi kupanda ndege, na kijiji kizima kilijua siku anayoondoka.

Asubuhi ya safari ndege ikatua, ikaja mpaka kwenye maegesho. Nilikuwa naielekea niliposikia nyuma yangu, kwenye uzio wa waya, "Mkamwana!"

Kwetu mkamwana hamwitikii baba mkwe akiwa anatembea, tena mbele za watu. Nikageuka, nikapiga goti kwenye changarawe.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mkamwana. Kulwa hajambo? Na Doto? Na mwanangu? Mvua huko mmepata?"

Nilijibu kimoja kimoja. Nyuma yangu nikasikia mafuta yakikatwa, sauti ikaanza kuteremka. Ningeweza kusema, baba, niwie radhi, kazi inaniita. Sikusema. Mkwe haachwi katikati ya salamu. Aliponiruhusu kuinuka, kompresa ilikuwa imeshanyamaza.

Nilikwenda kwenye propela, nikaizungusha. Laini kama siagi. Nikafungua kitabu, nikatazama hesabu ya jana, arobaini na mbili, nikaandika arobaini na mbili. Nikatia saini.

Abiria wakapanda. Mzee akapanda akiwa na kofia mkononi, akakaa dirishani, akanipungia. Nikaishika tena propela kuiweka sawa, ikazunguka laini, na ndipo nikazikumbuka zile feni mbili. Nilikuwa nimeipapasa feni isiyo na umeme, na kwa ushahidi huo nilikuwa nimewapandisha watu tisa, pamoja na babu wa wanangu.

Nilikimbia mpaka dirisha la rubani. "Kapteni, usiwashe."

"Kuna nini, Mama Kulwa?"

"Hesabu niliyoandika si ya leo. Sikusikiliza."

Mkuu wa Kituo alikuwa amefika. "Wateremshe," akasema.

Wakateremka. Injini ikawashwa, ikaachwa ipate moto, ikazimwa. Nilisimama karibu nimefumba macho. Ilifika arobaini na mbili, safi, bila mkwaruzo. Injini ilikuwa nzima tangu mwanzo.

"Hukukosea kusalimia," Mkuu wa Kituo aliniambia. "Ungeniambia, tungeiwasha na kuizima upya, basi. Umekosea kuandika." Akaninyang'anya muhuri wangu wa kuidhinisha ndege kwa miezi mitatu.

Abiria wakaitwa warudi ndani. Baba mkwe hakusogea.

"Baba, ni nzima. Nimeisikiliza mwenyewe."

"Hata mwanzo uliiandika nzima," alisema bila ukali. "Sasa nitajuaje ipi ni kweli?"

Ndege iliondoka na kiti chake kitupu. Hospitali ikampa tarehe nyingine, akasafiri kwa basi baada ya mwezi na zaidi. Jicho la kulia likaokolewa, la kushoto likazimika. Daktari alisema huenda lingezimika vyovyote. Huenda. Mume wangu alilishika neno hilo akatulia, mimi sikuweza. Niliona aibu mpaka nikawa nakwepa kwenda kwake.

Ni yeye aliyenifuata. Mwaka uliofuata, muhuri wangu ukiwa umerudi, alikuja kiwanjani kumpokea ndugu. Ndege ilikuwa inazimwa. Nilipomwona kwenye waya nikaacha kila kitu, nikaanza kupiga goti, lakini akanyanyua kiganja.

"Bado. Inazunguka."

Nikabaki nimeinama nusu, sijui niende wapi. Akanionyesha ndege kwa kidevu. Nikarudi, nikasikiliza, nikahesabu, nikaandika. Kisha nikaja nikapiga goti, naye akaniuliza habari za Kulwa na Doto kama kawaida. Tangu siku hiyo, kila alipokuja, salamu zilingoja. Wazee wenzake walimshangaa, wakasema amemdekeza mkamwana.

Nimestaafu sasa. Injini mpya zina kompyuta inayojihesabia, na vijana huniambia sikio limepitwa na wakati. Yawezekana, sibishani nao. Nawaomba jambo moja tu, wasiandike wasichosikia.

Siku yangu ya mwisho Geita walinipa keki na saa ya ukutani. Baba mkwe aliletwa na mjukuu wake Doto, amezeeka, anatembelea fimbo. Ndege ilizimwa, nikasikiliza, nikaandika hesabu yangu ya mwisho. Nilipogeuka, nilimkuta mzee kwenye waya amefumba hata lile jicho moja, midomo yake ikirudia namba kimyakimya. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Alifumbua jicho kwanza.

"Arobaini na moja," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Nami kitabuni nilikuwa nimeandika arobaini na moja.