Sufuria ya Fundi wa Janti

Bwana yangu Apollinaire anangarishaka janti, zile rimu za magari, hapa Nchelenge, kando ya barabara ya Mununga. Gari inaweza kukosa breki, taa, hata mulango; janti zikingaa, mwenyewe anapita sokoni polepole watu waone. Apollinaire anasugua na msasa na maji, kisha anapitisha mashini yenye kitambaa na dawa, mpaka unaona meno yako. Na nyumbani? Sufuria zangu nyeusi tii! Wanasema mganga hajigangi. Wangekuja kuniuliza mimi Marthe.

Sasa mutoto wetu Princesse akachumbiwa na Chalwe, Mubemba wa Kashikishi. Ikabidi tufanye ichilanga mulilo: upande wa bibi arusi wanapika, wanabeba vyakula kichwani mpaka kwa mwanaume, na mama ya bwana arusi anachunguza kila sufuria. Sisi tulivuka toka Congo na mabunda tu. Sikutaka hata kidogo mutoto wangu aingie kule akiitwa mutoto wa wachafu. Nikamwambia Apollinaire, "Usipongarisha sufuria yangu ya kuku, hizo janti ndizo utakula."

Akachukua ile kubwa, ya zamani. Kumbe alianza na msasa mukali, ule wa janti zilizogonga mawe! Lakini kusema kweli, ilitoka kioo. Nikataka kuijaribu na maji.

"Ee! Maji yataacha madoa!"

"Basi nipike kuku ndani."

"Moto? Marthe, uko na akili kweli?"

Bon. Nikapika kuku mzima ndani ya sufuria nyeusi, na saa ya kutoka tukamuhamishia kwenye ile ya kungaa, na supu yake. Mudogo wangu Delphine akabeba, tukaenda tukiimba. Tulipofika pale wanaanika samaki ndogo za chisense kwenye muchanga, akaninongoneza mimi mukubwa wake, "Yaya, inanivujia shingoni."

"Imba. Ni jasho."

"Jasho gani hii yenye vitunguu?"

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze. Nikaimba kwa nguvu zaidi.

Kule, wajomba wa Chalwe wakainamia sufuria, kila mutu anatazama ndevu zake. "Nani alingarisha hii?" Apollinaire, ambaye desturi ilimutaka abaki nyumbani, akatokea nyuma yetu, kifua mbele.

"Ni mimi! Leteni na janti!"

Mama ya Chalwe hakucheka. Akatoa kuku, amekauka kabisa, akamuweka kwenye sahani. Akainua sufuria kwenye jua. Mwanga ukapita kwenye matundu. Akamutazama Delphine, mafuta mpaka kiunoni, kisha akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "umelea vizuri. Mutoto tunamupokea." Akamurudishia Apollinaire sufuria yake. "Huyu fundi, mubaki naye."