Cha Bunnam ni Nani?

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Wifi yangu, mjane wa mdogo wangu Taeshik, alipoanza kutoka kila alfajiri kengele ya kanisa ikilia, nilijua kuna jambo. Mumewe ana miezi kumi kaburini, mwanawe wa pekee ameoa na kuhamia Seoul, yeye anaamka gizani na kuchana nywele. Amchanie nani?

"Naenda kuomba," alisema.

"Kuomba nini ambacho hapa nyumbani hakipo?"

Alicheka tu, akavaa viatu. Kicheko hicho kilinizidishia wasiwasi. Tulikuwa wawili tu katika ule ua, nami mjane vilevile. Akiondoka, nitazeeka peke yangu na mitungi ya kimchi, kabichi zetu za kuchachusha.

Wiki ya kutia kabichi chumvi, nilianika koti lake, nikakuta karatasi mfukoni. "Cha Bunnam. Jumapili. Uje na nguo safi." Mwandiko wa kiume. Nikamkimbilia mwenye duka.

"Cha Bunnam ni nani?"

"Hapa kijijini hayupo mwenye jina hilo."

"Basi ni tapeli. Anakusanya wajane."

"Atapeli wajane wa hapa, Mama Sangdeok? Atakufa njaa."

Sikucheka. Jumapili nilikwenda kanisani, nikakaa karibu na mlango, viatu nimevishika mkononi. Mchungaji akasimama na bakuli la maji. "Cha Bunnam," akaita. Nikanyoosha shingo nimwone huyo tapeli.

Aliyeinuka ni Mama Hyeongu. Wifi yangu.

Miaka thelathini na mmoja tumekula chungu kimoja. Alikuja kwetu akiitwa mke wa Taeshik, akajifungua, akawa Mama Hyeongu, basi. Jina alilopewa na babake sikuwahi kuliuliza. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Alasiri tulikaa ukumbini tukipaka kabichi pilipili.

"Kwa hiyo unahama?" nikamuuliza.

"Nihamie wapi na kabichi zote hizi?"

"Sasa kule unafuata nini?"

Alipaka jani moja, kisha la pili. "Taeshik alipokufa, nikawa si mke tena. Hyeongu ana mkewe, hanihitaji. Nikajiuliza, basi humu ndani amebaki nani? Kule nimeambiwa Mungu alinijua kabla sijawa wa mtu yeyote. Nikamwamini. Huyo ambaye Mungu alimjua ndiye aliyebaki."

"Mimi yule mchungaji simwamini. Anatabasamu mno."

"Usimwamini. Hata mimi sijamwamini yeye." Akaninyooshea kidole chekundu. "Na wewe, wifi? Jina lako nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu upesi, jina likakwama. Aliyelitaja mara ya mwisho ni mama yangu, naye alikufa mwaka wa mafuriko.

"Unaliulizia nini?" nikasema.

"Nataka kulijua tu."

Nilimtazama vizuri, nikitafuta mtego. Sikuuona.

"Okrim," nikasema.

"Okrim," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi. "Okrim, nisogezee chumvi."

Nikamsogezea, nikageukia ukutani. Aliponiuliza kulikoni, nikasingizia pilipili.