Bega la Kushoto

Kishikwambi cha kuzungumza na daktari kwa video kilipoletwa kwenye zahanati yetu, mbele kidogo ya Kotile, nilikifungia kabatini. Nilikuwa muuguzi peke yangu pale, na sikutaka daktari wa Garissa anichungulie kazini. Walipouliza mbona sipigi, nilisingizia mtandao.

Asubuhi moja mama mmoja akamleta mumewe, mfugaji wa makamo. Siku iliyotangulia, ngamia alikuwa amempiga teke ubavuni. Alikuja kwa miguu yake, akanisalimu kwa utaratibu, akaomba dawa ya maumivu tu arudi malishoni. Nilimpapasa, sikuona mbavu zilizovunjika. Vidonge nilikuwa nimeshavitia kwenye bahasha, lakini ule weupe wa midomo yake ulinisumbua. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mwishowe nikafungua kabati.

Mtandao ulishika karibu na tangi la maji tu, kwa hiyo tulimtandikia mkeka hapo. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye Kiswahili cha haraka, nami nikawa namtafsiria mgonjwa kwa Kisomali. Picha ilikwama mara mbili. Kila ilipokwama nilizunguka tangi, mikono juu, nikiutafuta mtandao. Iliporudi, daktari aliniambia nimlaze chali na kumwinua miguu.

"Muulize kama bega la kushoto linauma."

Nilidhani hakunielewa. Nilikuwa nimemwambia ubavu. Hata hivyo nikauliza, nikimwita ami kwa Kisomali, "Adeer, bega lako la kushoto je?"

Akanikazia macho. "Nani amekuambia? Linauma tangu jana."

Daktari alisema huenda wengu umepasuka na damu inavuja tumboni, ndiyo maana bega linauma. Nimtundikie dripu, nisimpe chakula, yeye angetuma ambulensi. Mzee akakataa. Alikuwa amewaacha ngamia wake na mtu asiyemwamini. Nilianza kumweleza habari ya damu, maneno yakinitoka mbiombio, mkewe akanikatiza.

"Ngamia nitawaangalia mimi," alimwambia. "Wewe panda gari."

Mzee akaninyooshea mkono nimtundikie dripu. Tulingoja. Nilimpima presha, nikatazama barabara, nikampima tena kabla hata ya dakika tano kuisha, na kila mara ilikuwa imeshuka kidogo. Kichwani nilikuwa nawapitia wote niliowapa vidonge wiki zile na kuwaaga. Wengine walikuwa wameshahama na mifugo yao, nisingejua pa kuwaulizia.

Ambulensi ilifika baada ya adhuhuri. Walimfanyia upasuaji jioni ile ile, wakautoa wengu. Kesho yake daktari alinipigia kuniambia anaendelea vizuri na ameanza kulalamika kwamba hajapewa chai ya maziwa.

Mkewe alirudi kutoka malishoni siku ya nne, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimpa habari, akasema alhamdulillahi, akaketi, akaomba maji. Kisha akataka kujua yule daktari ni binti wa nani, amwombee dua kwa jina la baba yake.

Sikuwa nimeuliza.