Sikio la Afisa

Afisa wa alama za biashara aliyewekewa meza hapa Tukuyu, mzaliwa wa Kyimo kama mimi, hasomi majina, huyasikiliza. Hufumba macho, huvuta sikio kwa vidole viwili, kisha husema taratibu, "Tamka." Bimdogo, muuza viungo vya pilau, akatamka, "Karamu." Afisa akatikisa kichwa. "Kalamu ameshaisajili Tulinagwe wa Lufingo, kwa viungo hivihivi." "Lake la kuandikia, mwanangu! Langu la sherehe! Ka-ra-mu!" "Ndiyo, Ka-la-mu. Mteja atatofautishaje?" Akafumbua macho, akanigeukia mimi niliyefuata kwenye foleni. "Wewe unasikia tofauti?" Nikayapima majina yote mawili mdomoni, bila upendeleo. "Kalamu… Kalamu. Hapana, mkuu." Bimdogo akashika kiuno. "Salaale! Kumbe mko wawili!"