Kitabu cha Nne cha Ukungu

Tabea Sumari alichora ramani za nyumba ili apate riziki, na kila Jumamosi mchana aliua watu wa kubuni katika chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja pale Kaloleni.

Mchezo ulikuwa wake. Aliutunga mwenyewe, akauita Ukungu. Watu huketi kuizunguka meza. Mmoja husimulia, wengine huwa wahusika wa hadithi, na mambo yakiwa magumu dadu huamua. Kanuni zote zilienea katika kitabu kimoja chembamba. Humo mlikuwa na mlima unaofanana sana na Meru, na katika mlima huo korongo ambalo Tabea hakusema lina nini. Aliliacha tupu makusudi. Kila meza ililijaza hofu zake, na wachezaji waliondoka wakigeuka nyuma njiani.

Aliyekichapa kitabu hicho ni Lekishon, mwenye mashine ya uchapaji Levolosi, mcheshi na mwenye haraka.

"Kitabu kimoja ni kama kipeperushi tu, dada Tabea," alimwambia. "Watu wanataka nyongeza. Mchezo wenye kabati zima la vitabu ndio unaodumu."

Tabea alikubali. Cha pili kilieleza vijiji vya mlimani, nyumba kwa nyumba. Kikapendwa sana, lakini mezani akaona kitu kimeondoka. Zamani mchezaji alifumba macho akauliza, "Nasikia nini?" Sasa alifunua ukurasa, akasoma, akawasahihisha wenzake.

Cha tatu kilikuwa cha vijia vya msituni. Tabea alikuwa amechoka kubuni. Alichukua njia za kweli alizopita utotoni kwenye mteremko wa Meru juu ya Kikatiti akikata majani ya ng'ombe, akabadilisha majina tu, akazichora kwa mkono wake uliozoea kipimo sahihi.

Kisha, bila kumuuliza, Lekishon akatangaza mtandaoni kwamba cha nne kitafungua korongo.

"Ukilieleza, umeliua," Tabea alimfokea. "Hapo ndipo mchezo unapopumulia!"

"Basi andika kidogo tu. Wameshaanza kuagiza."

Wiki hiyo ujumbe ulimiminika. Mmoja ulitoka kwa Nelson, muuza dawa mpole aliyecheza naye tangu mwanzo: "Korongo liko pale vijia vyote vinapokutana, siyo? Nimeshapajua, ni kule juu ya Kikatiti." Tabea aliusoma, akakifunua kitabu cha tatu kwenye ramani.

Jumamosi kiti cha Nelson kilikuwa kitupu. Wakiwa katikati ya mchezo, Brenda, dada yake Nelson, akapiga simu.

"Shikamoo dada. Kaka yuko hapo?"

"Marahaba. Hajafika. Kwani vipi?"

"Katoka asubuhi. Amesema anaenda kupaona kabla kitabu hakijatoka. Sasa simu yake haipatikani."

Tabea alimpitia Lekishon kazini, wakaenda Kikatiti. Walipovuka migomba na kahawa za mwisho, ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye matawi ya chini. Tabea alikishika kitabu cha tatu, akifuata mistari aliyoichora mwenyewe, na kila kona ilikuwa pale pale alipoiweka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Waliita. Msitu ukawa kimya, hata ndege. Wakaita tena, na sauti nyembamba ikajibu kutoka chini ya miguu yao.

Nelson alikuwa ameteleza bondeni, mguu umevunjika, midomo myeupe kwa baridi. Lekishon alishuka akishikilia mzizi baada ya mzizi, akambeba mgongoni.

"Mwenzenu yuko wapi?" Nelson aliuliza alipofikishwa juu.

"Tuko wawili tu," Tabea alisema.

"Hapana. Kuna aliyeniita kwa jina tangu mchana, akinielekeza nisogee mbele. Nilidhani ni wewe, unasimulia."

Lekishon alimpandisha tena mgongoni. Waliteremka haraka kuliko walivyopanda.

Baada ya Nelson kufungwa plasta, Tabea alimwambia Lekishon hataandika cha nne, na cha tatu kiondolewe sokoni. "Kimoja kilitosha. Vingine vyote nilivyoongeza vilikuwa vya kuwanyang'anya watu kazi ya kuogopa wenyewe, na wakaenda kuitafuta hofu kwingine."

Lekishon aliitikia kwa kichwa. Lakini habari za bondeni zilikuwa zimeenea, maagizo yakaongezeka maradufu, na mkataba wao ulimpa yeye haki ya kuchapa na kuendeleza Ukungu. Mwezi uliofuata Tabea aliona tangazo: kitabu cha nne kinakuja, kimeandikwa na mtu mwingine, kina ramani kubwa ya kukunjua.

Jioni ile alimtembelea Nelson. Alimkuta kitandani ameegemea mto, tangazo lile liko wazi kwenye simu yake.

"Usiende tena, Nelson. Niahidi."

Nelson alimtazama kwa upole wake ule ule.

"Daktari amesema plasta itatolewa kabla hakijatoka," alisema.